Nani Aliwanywesha Ngamia wa Jama?

"Andika tu, Inspekta," alisema Mkuu wa kambi. "Kijana amemuua mwenzake na bunduki amewapa shifta. Basi. Lori linaondoka kesho baada ya sala ya Ijumaa, na nataka liondoke naye."

Inspekta Dagane hakuandika. Kalamu alikuwa nayo, karatasi alikuwa nayo, lakini alikuwa na tabia moja ya kuudhi wakubwa: hakupenda kuandika kitu ambacho hajakiona. Kwa tabia hiyo walimhamishia Tarbaj akala vumbi miaka minne, akarudi nayo vilevile.

Mwaka ulikuwa 1966, kiangazi kimekaza, na kambi ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa Landrova kutoka Garissa. Mpaka ulikuwa nusu siku zaidi, kwa ngamia. Serikali ilikuwa imewagawia wachungaji wa upande huo bunduki, risasi kumi kila mmoja, na kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi, wakalinde mpaka dhidi ya shifta, wale waasi wenye bunduki waliokuwa wakivuka usiku. Wajitoleaji, ndivyo walivyoitwa. Mshahara hakuna, viatu hakuna, mafunzo wiki moja. Huko Garissa wakubwa walikuwa wakivutana: hawa wanataka bunduki ziongezwe, wale wanataka zirudishwe zote. Shauri lingekatwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi, na Jama, kiongozi wa wajitoleaji, alikuwa kaburini tangu Jumanne.

Chifu Nuh alikuwa ameketi pembeni mwa hema na bakora yake magotini. Kwa Mkuu alisema Kiswahili chake cha sokoni, na hakukionea haya.

"Bwana Mkubwa, sisi iko katikati. Shifta nakuja, nasema toa ngamia, wewe mtu ya serikali. Bolisi nakuja, nasema toa ngamia, wewe shifta. Fijana yangu nabata bunduki ishirini, miezi miwili hakuna ngamia naibiwa. Sasa nyinyi nataka chukua. Sisi nalinda mbaka na nini? Fimbo?"

"Na bunduki ya Jama iko wapi, Chifu?"

"Mimi najua? Uliza Inspekta. Yeye mtoto yetu, lakini nakula kwako."

Dagane alizaliwa Garissa, na maneno kama hayo alikuwa ameyasikia pande zote mbili mpaka yakamchosha. Alikunja karatasi yake ikiwa tupu, akatoka kwenda stoo ya mabati alikofungiwa Warfa.

Warfa alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa mama yake, Habibo. Ndiye aliyekuwa doria na Jama siku ile ya Jumatatu, wao wawili tu, maana wenzao wawili walikuwa wameanguka na homa. Alirudi kambini alfajiri ya Jumanne peke yake, miguu imechanika, bunduki yake imepungua risasi moja. Kwa kanuni za hali ya hatari, hayo tu yalitosha kumtia kitanzi. Alipomwona Dagane alisimama, akamwita adeer, yaani ami, wakazungumza Kisomali.

"Anza kisimani," Dagane alisema.

"Tulifika El Gudud adhuhuri, adeer, na ngamia wa Jama, kumi na wanane. Tukawaacha nyuma ya kilima, wasije wakarukia kisima kabla hatujakisafisha. Bunduki tukaziegemeza kwenye mgunga."

"Umbali gani na kisima?"

"Hatua mia."

"Kwa nini mbali hivyo?"

Kijana alimtazama mtu mzima yule kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvua viatu msikitini. "Adeer, ni kisima."

Dagane aliandika hilo, la kwanza siku ile.

"Tukavua mashati na vitambaa vya serikali, Jama akashuka kutoa tope. Yeye anajaza ndoo, mimi navuta na kumwaga. Baadaye akanituma nikamletee tumbaku yake kule mgungani. Nimefika, nikasikia mlio kutoka kilimani. Nikashika bunduki yangu, nikapiga mmoja, mtu sikumwona. Nikakimbia porini, nikajificha mpaka usiku."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kwa hilo, wakininyonga ni haki yao. Lakini sikumuua."

"Ngamia walikuwa wamekunywa?"

"Hata mmoja. Maji masafi yenyewe hatukuyafikia. Na wawili tungewanyweshaje? Kisima kile ni cha watu wanne. Tulikuwa tunangoja yeyote atakayetokea tusaidiane."

Dagane alimgusa bega, akatoka. Nje alimkuta sajini wa kambi, mtu wa bara, mchapakazi, ambaye tangu afike huku hakupenda chochote ila siku ya likizo. Ndiye aliyeupata mwili wa Jama.

"Anakudanganya huyo," sajini alisema. "Eti Jama alikuwa kwenye tope. Mimi ndiye niliyemkuta, Inspekta. Mwili safi, utadhani ametoka kuoga. Risasi moja kifuani, amelala ubavu wa kulia, amefumbwa macho, amefunikwa shuka yake. Tope liko wapi hapo?"

"Uso ulielekea wapi?"

"Kaskazini. Kwa nini?"

"Kaskazini ndiko kibla, Sajini. Umewahi kumwona muuaji anayemwosha aliyemuua, akamlaza kibla, akamfumba macho?"

"Huyuhuyu Warfa," sajini alisema. "Roho ilimsuta."

"Pengine. Leta Landrova."

Njia nzima sajini alinung'unika juu ya bunduki. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezika wenzake watatu mwaka ule. "Ukimpa raia bunduki," alisema, "umempa shifta bunduki. Mimi siwezi kuwatofautisha. Vikoi vilevile, viatu vilevile. Wewe unaweza?"

"Kwa mbali, hapana," Dagane alisema, na kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, hapakuwa na la kubishana.

El Gudud ni shimo lililochimbwa na mababu, refu, na ndani ya ukuta wake kuna vizingiti vinne, kimoja juu ya kingine. Kila mtu husimama kwenye kizingiti chake na kumrushia wa juu ndoo ya ngozi, mpaka maji yafike kwenye hori ya udongo wanyweshewe wanyama. Dagane alianzia kwenye mgunga. Palikuwa na ganda moja la risasi chini yake, kama Warfa alivyosema. Akapanda kilima na sajini, wakatafuta wakiwa wameinama mpaka viuno vikalalamika, na karibu na jiwe moja bapa sajini akaokota ganda la pili.

"La bunduki za serikali," sajini alisema akilipulizia vumbi. "Ila shifta nao wanazo. Wametuibia za kutosha."

"Kweli. Hilo peke yake halisemi kitu." Dagane alichutama kwenye lile jiwe na kutazama chini. "Simama kule kisimani, tafadhali. Ingia mpaka nione kichwa tu."

Sajini alikwenda, akaingia, akatoa kichwa. Kutoka juu alikuwa kichwa tu. Dagane alimwona kofia, hakumwona uso, na sajini hakuwa amepakwa tope.

Aliposhuka, alivua viatu na koti, akaacha bastola yake kwenye Landrova, akaingia kisimani mwenyewe. Alikaa humo kitambo. Sajini alisikia akikohoa.

"Sajini. Vizingiti vyote vinne vina nyayo kwenye tope lililokauka. Kila kimoja na mguu wake. Wa chini ana kidole gumba kipana. Wa pili juu yake ni mfupi, amesimama kwa ncha za vidole."

"Shifta nao wana kiu."

"Wana kiu, ndiyo. Lakini risasi mbili zimelia, mmoja amekimbia kuwaita polisi. Wewe ungekuwa shifta ungejaza kiriba ukatokomea. Hawa walisimama kazini. Kila unyayo umekanyagwa juu ya unyayo, mara mia, mara mia mbili." Alitoka, magoti yamechubuka. "Walikuwa wananywesha kundi. Sasa nataka kujua kundi la nani."

"Mwenye kundi alikuwa amekufa."

"Ndiyo," Dagane alisema. "Hapo ndipo panaponitisha."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Khadijo, mjane wa Jama, hata neno moja. Sajini alisema yuko eda, si vizuri. Mkuu alisema mwanamke atajua nini. Dagane alikwenda jioni ileile, akaketi nje ya aqal, ile nyumba yao ya miti na mikeka, akiupa mlango mgongo kama heshima inavyotaka, akamsalimu na kumpa pole.

"Pole nimepewa na wengi, walaal, ndugu yangu," sauti ilisema kutoka ndani. "Uliza ulichojia."

"Ngamia walirudi lini?"

"Jumatatu ileile, jua linazama. Walirudi wenyewe, maana ndama wao wako hapa."

"Walikuwa na kiu?"

"Kiu? Matumbo yalikuwa yamejaa, ngozi imetanuka. Nilifurahi, ningekuficha nini. Siku kumi na mbili hawajaonja maji. Nilisema, alhamdulillahi, Jama amepata watu wa kumsaidia. Nikakoka moto nikamwekea chai. Nikaikoleza sukari anavyopenda."

Dagane naye alikuwa na mke.

"Wote kumi na wanane walikuwa wamekunywa?"

"Wote, hata ajuza, ngamia aliyekuwa wa mama yangu. Yule ni mkaidi. Umwekee maji mbele, ugeuke, urudi, hajagusa, mpaka aimbiwe wimbo wake. Mama alimzoesha hivyo tangu ndama."

"Nani anaujua wimbo huo?"

"Mimi. Jama nilimfundisha nilipoolewa. Na kaka yangu Ke..."

Hakumaliza. Ukweli ni kwamba angependa wakati huo kuwa karani wa posta, au muuza chumvi, mtu yeyote ambaye hakulazimika kusikia jina lile likikatika.

"Nisamehe, walaal," alisema, akainuka.

Kerrow alikuwa kwenye boma la miiba, akipokea watu wa tazia. Alikuwa mtu mrefu, kitambaa cha kijani bado mkononi, kiongozi wa doria ya pili: yeye na wenzake watatu. Tangu Jumanne alikuwa amechinja, amechota maji, amewakaribisha wageni wa msiba wa shemeji yake, na kila mtu alimsifu. Dagane alimwita kando, wakatembea mpaka sauti za watu zikafifia.

"Jumatatu mlikuwa wapi?"

"Upande wa mashariki."

"Siku ya ngapi ya doria?"

"Ya tatu."

"Mlikunywa maji wapi?"

"Tulikuwa nayo."

"Kiangazi hiki, watu wanne, siku ya tatu, mlikuwa nayo."

Kerrow alikuwa anang'oa miiba kwenye mkono wa shati, mmoja mmoja.

"Nimeingia El Gudud," Dagane alisema. "Nimeona nyayo za watu wanne. Zako sihitaji kuzipima, gumba lako naliona kutoka hapa. Wala sikuulizi nani alipiga risasi. Nakuuliza nani alimwimbia ngamia wa mama yako."

Kerrow aliketi pale pale mchangani.

"Asubuhi ile ujumbe ulitoka hapa kambini," alianza. "Watu wawili wenye bunduki wamevuka mpaka, hawana vitambaa. Tukaja El Gudud tuna kiu. Ngamia walikuwa vichakani nyuma ya kilima, sikuwaona mpaka baadaye. Kutoka juu naona mgunga na bunduki mbili, na mtu mmoja karibu yake, hana kitambaa. Kisimani kunatoka kichwa, halafu kifua. Tope tupu, walaal, nywele tope, uso tope, hata macho sikuyaona. Nikasema ndio hao. Nikapiga mimi. Wenzangu hawakupiga, uandike hivyo."

"Nitaandika."

"Nimefika, yu hai. Nikamfuta uso kwa maji nione ni nani. Wallahi, alicheka. Akaniambia, Kerrow, kumbe unajua kulenga." Alijifunika uso kwa mikono miwili. "Tulikula sahani moja miaka tisa, mimi na yeye."

"Alisema nini zaidi?"

"Hilo si lako."

Dagane hakulazimisha. "Bunduki yake iko wapi?"

"Kilimani, chini ya mawe. Tuliificha ionekane ni shifta. Mwili tuliuacha mahali pa wazi kwa kusudi, mumpate, azikwe na watu wake."

"Kwa nini hukuja kusema? Ilikuwa kosa la macho. Bunduki mgungani, kwa sababu kisimani hatuendi na silaha. Kitambaa kimevuliwa, kwa sababu hakuna anayeshuka kwenye tope na nguo. Hata hakimu angeelewa, akielezwa."

"Kwa sababu ya Jumamosi!" Mara ya kwanza Kerrow alipaza sauti, kisha akaishusha. "Wakisikia wajitoleaji tunauana wenyewe kwa wenyewe, watazichukua zote ishirini. Kabla mwezi haujaandama shifta watakuwa hapa. Watauliza nani alibeba bunduki za serikali, na watu watatuonyesha kwa kidole. Amekufa Jama mmoja. Nikisema, watakufa wangapi?"

"Kwa hiyo ukawapa Warfa."

"Sikumpa! Tuliona mtu anakimbia tu. Baadaye nilipojua ni yeye, nilijiambia hana kosa, atajieleza, wataachana naye."

"Kesho anapanda lori, Kerrow. Unazijua kanuni."

Jua lilikuwa limefika kwenye miiba ya boma, na mtu mmoja alikuwa anaadhini. Kerrow alianza kufungua kile kitambaa cha kijani mkononi, fundo likamshinda kwa mkono mmoja, ikabidi Dagane amsaidie.

Usiku Dagane aliandika kurasa sita. Mkuu alizisoma asubuhi akiwa na chai mkononi, na alipofika mwisho chai ilikuwa imepoa.

"Hata wakati wa vita, wanaacha bunduki hatua mia?"

"Hasa wakati wa vita, Bwana. Mtu akifika kisimani na silaha, anayekunywa ataogopa kuinama. Asipoinama atakufa kwa kiu. Kwa hiyo wote wanaweka chini, hata wanaochukiana."

"Hilo hakuna aliyewafundisha wale wa Garissa waliogawa bunduki."

"Hakuna aliyetuuliza."

Mkuu alikunja karatasi. Hakuonekana kufurahi, na Dagane alimheshimu kwa hilo. "Nitatuma kwa redio. Warfa mwachilie. Lakini ujue, mkutano wa kesho umekwisha leo. Bunduki zitarudi zote."

Chifu Nuh, aliyekuwa mlangoni, alitafsiriwa maneno hayo. Alichukua bakora yake akaenda zake kuwaambia watu wake wakazilete, na alionekana mzee kuliko jana.

Baada ya sala ya Ijumaa askari waliliwasha lori. Kerrow alikuwa na pingu, na alikuwa ameomba kitu kimoja, amwone dada yake kabla ya kuondoka. Sajini alisema muda hakuna. Halafu sajini huyohuyo alifungua boneti, akaanza kukagua maji ya rejeta yaliyokuwa yamejaa tele.

Khadijo alikuwa mlangoni mwa aqal, ndani ya nguo nyeupe za eda. Kerrow alisimama mbele yake, Dagane nyuma.

"Ni kweli?" Khadijo aliuliza.

"Ni kweli, walaal."

"Ulikuwa naye mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

Kerrow alimtazama Dagane, kisha akaitazama mikono yake. "Alisema nisikuambie. Alisema, Khadijo amepoteza mume leo, asipoteze na kaka. Wanyweshe ngamia, wafukuze waende nyumbani, halafu useme ni shifta. Alinishika mkono mpaka nikaapa. Sikuwa nimewahi kumvunjia kiapo."

Dagane aligeuza uso. Ripoti ile kwa mkono wake ilikuwa imevunja kiapo alichopewa marehemu, na kama angerudishiwa kalamu angeandika tena yaleyale, na hilo halikumpa raha yoyote.

"Na Warfa?" Khadijo aliuliza. "Jama alisema nini juu ya Warfa?"

"Hakumtaja. Hakuwa na pumzi tena."

"Wewe ulikuwa na pumzi."

Kule kwenye lori injini ilikuwa inanguruma, na nje ya stoo ya mabati mwanamke mmoja alikuwa amemkumbatia kijana wake, wote wawili wamekaa chini, hawasemi.

Khadijo aliwatazama kwa muda.

"Tangu Jumanne Habibo ananiletea maziwa kila asubuhi," alisema. "Mwanawe yuko ndani, na yeye ananiletea mimi maziwa. Kila asubuhi nimeyamwaga miguuni pake, na watu wanaona." Alivuta ukaya wake mpaka ukafunika macho. "Mchukue, Inspekta. Mchukue sasa hivi, kabla sijakuomba umwache."

Dagane alimshika Kerrow mkono, wakaenda.